Mume wangu anasomea mahusiano ya kimataifa, na sasa nyumba yetu ina mipaka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mama wa watoto watatu. Nafanya biashara ya dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Napokea mzigo kutoka Ukerewe, Kome na visiwa vingine, napanga magunia, nauzia wanunuzi wa hapa nchini na wale wa Congo, Burundi na Rwanda. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, anafundisha Historia na Uraia. Ndoa yetu ina miaka 14. Tunakaa Nyakato, nyumba tuliyojenga wenyewe kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ule linta, mpaka tukahamia ikiwa bado haina madirisha.

Kitu nilichokuwa najivunia kwa wenzangu ni daftari letu. Kila mwisho wa mwezi yeye alileta mezani karatasi ya mshahara, mimi hesabu ya mzigo, tukaandika ada, chakula, umeme, michango ya misiba, hela ya wazee wa pande zote mbili. Usifikiri tulikuwa malaika. Tuligombana sana, ila kila mtu alijua shilingi ya mwenzake iko wapi.

Mwaka jana Oktoba alianza shahada ya uzamili ya mahusiano ya kimataifa, masomo ya jioni na wikendi. Nilifurahi, hata ada ya kwanza nilichangia. Mwanzoni ulikuwa utani tu. Nikimwomba hela ya gesi ananijibu, "Mama, dola haina rafiki wa kudumu, ina maslahi ya kudumu." Dola anayoisema ni nchi, si hela. Watoto wanacheka, yule mdogo akawa anamwita Mheshimiwa Balozi. Kisha karatasi ya mshahara ikaacha kuja mezani. Nikiuliza, naambiwa kila dola ina mambo yake ya ndani ambayo jirani haingilii. Daftari limelala kabatini.

Mwezi wa tatu mama mkwe alikuja kutibiwa, akakaa kwetu. Jioni moja tunachambua mchele akasema, "Na kile kiwanja chenu cha Kisesa mbona hamjengi? Tangu mavuno ya mpunga ya mwaka juzi kinaota majani tu." Nikaendelea kuchambua kama mtu aliyekuwa anajua. Baadaye nikadodosa kwa shemeji mmoja. Kiwanja kipo, na kimeandikwa jina la mume wangu na la kaka yake.

Sikumuuliza. Nilichofanya ni kama alichofanya yeye. Sehemu ya faida yangu nikawa napeleka kikoba bila kumwambia, na tulipovunja kikoba nikanunua kiwanja Buswelu kwa jina la dada yangu. Mume wangu hajui, au nadhani hajui, maana siku hizi anapiga simu Mwaloni kuuliza kama kweli mzigo umechelewa kisiwani.

Usiku mmoja alipolala nilichukua makabrasha yake. Niliishia kidato cha nne, lakini Kiingereza cha kusoma ninacho. Nikakuta hayo maneno yake: juu ya nchi hakuna polisi, kila nchi ijilinde yenyewe, jirani usimwamini kwa sababu hujui kesho ataamka na nia gani. Shangazi, kilichonitisha ni jinsi nilivyoyaelewa upesi. Nikasema, mbona hivi ndivyo Mwaloni ilivyo! Mwanzoni mwa mwaka juzi mnunuzi wa Bukavu tuliyezoeana miaka mingi alichukua mzigo kwa mali kauli, akavuka nao, akazima simu. Zaidi ya milioni nne. Mume wangu ndiye aliyeniinua, alichukua mkopo wa mshahara nikarudi sokoni, na makato yake yameisha majuzi tu. Tangu hapo mali kauli simpi mtu, hata awe nani.

Sasa anataka mkopo mkubwa wa benki anunue basi dogo la abiria, na nyumba ya Nyakato ndiyo iwe dhamana. Afisa mikopo amemwambia mke lazima asaini kuridhia. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Dada yangu anasema nisishike kalamu mpaka anionyeshe hati ya Kisesa, kwamba saini ndiyo silaha niliyobakiwa nayo. Jirani yangu wa kizimba anasema nisaini, mwanamume akinyimwa na benki kwa ajili ya mkewe hasahau. Mchungaji, niliyemweleza juu juu, anasema nimwage kila kitu mezani, ukweli humweka mtu huru. Lakini nikimwambia habari za Buswelu atasema, "Unaona? Nilijua." Na hapo atakuwa ameshinda yeye na vitabu vyake.

Naomba uniambie, hayo wanayosomeshwa ni kweli? Watu wa nyumba moja ndivyo tulivyo, tumefichwa tu na mapenzi? Na hiyo saini nifanyeje?

Mama wa Dagaa, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Umenifungia mizigo miwili kwa kamba moja, vitabu na saini. Kabla sijastaafu nilifundisha somo hilo hilo analosoma mumeo, kwa hiyo niruhusu nianze na vitabu, maana naona vimebebeshwa lawama ambayo si yao yote.

Ninavyokuelewa, unaona hivi: mlikuwa watu wa daftari moja, akaja mwalimu wa chuo na nadharia zake, mumeo akageuka nchi jirani. Akaficha, nawe ukaficha. Sasa benki inataka mkono wako, na umegundua kwamba kwa mara ya kwanza una kitu anachokihitaji.

Hebu turudi kwenye tarehe ulizoniandikia mwenyewe. Masomo yalianza Oktoba mwaka jana. Kiwanja cha Kisesa, kwa kauli ya mama mkwe, kipo tangu mavuno ya mpunga ya mwaka juzi. Alikificha kabla hajasikia jina la nadharia yoyote. Na kabla ya mavuno hayo, mwanzoni mwa mwaka huo huo, kulitokea nini? Yule mnunuzi wa Bukavu alizima simu, milioni nne zikapotea, na mumeo akaingia kwenye makato ya mshahara ili urudi sokoni.

Sisemi hilo ndilo lililomfanya afiche. Sijui, nawe hujui, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Nasema tu kwamba inawezekana mumeo aliogopa kwanza, na hofu ile ikapata maneno makubwa baadaye. Mtu aliyeona akiba ya nyumba ikivuka mpaka ndani ya magunia anaweza kujiambia, "Niweke kitu pembeni ambacho Mwaloni hawakifikii." Inawezekana pia ni uchoyo wa kawaida. Inawezekana hela nyingi ilitoka kwa kaka yake, ndiyo maana majina ni mawili. Hilo la tatu lina uzito, kwa sababu aliyekuwa anakatwa mshahara sijui alipata wapi hela ya kiwanja. Haya ni mambo matatu tofauti kabisa, na wewe umeishi na moja tu kana kwamba limethibitishwa.

Sasa vitabu. Msemo wake wa maslahi ya kudumu unatokana na Lord Palmerston, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, bungeni mwaka 1848. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wote huupenda, nami niliusahihisha kwenye karatasi nyingi kuliko nilivyotamani. Lakini mwulize Mheshimiwa Balozi jambo moja: Uingereza hiyo hiyo na Ureno walifunga mkataba wa urafiki huko Windsor mwaka 1386, na mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliutaja urafiki huo wa kale walipoomba kutumia visiwa vya Azores, na Ureno ikakubali. Zaidi ya miaka mia tano! Maslahi yalikuwepo, sikatai. Ila wapo waliogundua kwamba kuwa na mtu unayeweza kumtegemea ni maslahi pia.

Hayo uliyosoma usiku ni ya wahalisia, wasomi wanaosema nchi huongozwa na nguvu na maslahi yake. Si wapumbavu hawa, na hapa kwetu kando ya ziwa tunajua walichoona. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na hakukuwa na polisi wa dunia wa kupigiwa simu. Tanzania ilijitetea yenyewe. Mwaka uliofuata ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ililenga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Kwa hiyo mtu akiniambia nchi lazima ijilinde, simcheki.

Lakini nguzo ya nadharia yao ni ile sentensi ya kwanza uliyoikuta kwenye kabrasha: juu ya nchi hakuna mamlaka. Kenneth Waltz, ambaye mumeo lazima amsome, aliijenga hoja yake yote ya mwaka 1979 juu ya hapo, na akatenganisha waziwazi: ndani ya nchi kuna ngazi za mamlaka, kati ya nchi na nchi hakuna. Ondoa nguzo hiyo, na nyumba yake haisimami. Sasa niambie, nyumba ya Nyakato haina mtu juu yake? Ina wazee wa pande mbili. Ina mchungaji. Ina baraza la usuluhishi la ndoa, ina mahakama, ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hata ile saini unayoiita silaha, si ubabe wako uliokupa: sheria hiyo inamkataza mwanandoa yeyote kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mumeo anapojiita dola anakopa maneno ya mahali ambapo pengo ni kubwa, anayaleta mahali ambapo halipo. Kwa mtihani wa chuo, angepoteza alama.

Na wahalisia si darasa zima. Wako wanaosema nchi zikishategemeana sana, vita na hila huwa ghali kuliko ushirikiano, na kwamba taasisi za pamoja husaidia kwa sababu humwonyesha kila mmoja anachofanya mwenzake. Wewe unaishi ndani ya mfano wake: samaki wa ziwa hili hawajui mpaka wa Kenya wala Uganda, ndiyo maana nchi tatu ziliunda mwaka 1994 shirika la pamoja la uvuvi lenye makao yake Jinja. Halikumaliza ugomvi. Limewapa mahali pa kukaa na kuhesabiana. Daftari lenu lilikuwa chombo cha namna hiyo, na nadhani kupotea kwake kunauma kuliko kiwanja.

Wako pia wanaosema, kama Alexander Wendt tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba kutokuwa na mkubwa hakuamui lolote peke yake. Nchi hujifunza kuwa maadui au marafiki kwa jinsi zinavyotendeana. Marekani haipotezi usingizi kwa mabomu ya nyuklia ya Uingereza, lakini machache ya Korea Kaskazini yanaitoa jasho. Silaha ni ile ile, historia ndiyo tofauti. Kiwanja cha siri cha mume uliyemwona akikatwa mshahara kwa ajili yako, na kiwanja cha siri cha mume aliyewahi kukutelekeza, si kitu kimoja, hata kama hati zinafanana.

Kuna wazo moja ambalo ningependa mlisome pamoja, kwenye meza ile ile. Mwaka 1950 John Herz, msomi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, aliliita mtanziko wa usalama. Nchi moja inaongeza ulinzi kwa sababu ya wasiwasi, haina nia ya kushambulia. Jirani anaona ulinzi, haoni nia. Naye anaongeza. Ya kwanza inasema, "Si mnaona?" Wote wawili wanaishia na hatari kubwa kuliko ile waliyoanza nayo, na hakuna aliyekuwa mbaya. Soma barua yako tena kwa jicho hilo. Kisesa, kisha Buswelu, kisha simu za Mwaloni kuulizia mzigo. Atakapojua habari za Buswelu hataona mwanamke aliyeumia akijikinga. Ataona kile ulichoona wewe ulipokuwa unachambua mchele.

Unaogopa atasema, "Nilijua." Pengine. Lakini kama atasema hivyo, nadharia itakayokuwa imethibitika ni ya Herz, na hiyo haimpi ushindi yeyote kati yenu.

Nitakuambia habari nyingine ya kwetu, kwa sababu inahusu kugawana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilikuwa na reli moja, bandari, posta, shirika moja la ndege. Hapa ziwani meli za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, zilikuwa za shirika moja. Baada ya Amin kupindua serikali mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na marais watatu hawakukutana tena kama mamlaka ya Jumuiya. Watu hukumbuka Amin tu. Lakini kulikuwa pia na manung'uniko ya muda mrefu juu ya nani anafaidi zaidi, Kenya na Tanzania zilifuata njia tofauti za uchumi, na kila upande ulianza kuzuia hela na mali zisitoke kwake kabla talaka haijatamkwa. Mwaka 1977 ilikufa, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Kugawana mali na madeni kulihitaji msuluhishi, Mswisi Victor Umbricht, na makubaliano hayakusainiwa mpaka 1984. Umoja ilibaki kwetu, Uhuru ikabaki Kenya. Kisha mwaka 1999 wakasaini mkataba mpya, kwa sababu ziwa lilikuwa bado pale pale na biashara ilikuwa bado inavuka. Ninachokitazama mimi katika habari hiyo ni ile miaka ya kati, baada ya 1971, vikao vilipokoma huku mali ikiwa bado ya pamoja. Nyinyi mko hapo. Mna nyumba, watoto, ada ya chuo, na mkopo mnaotaka kuuingia pamoja, ila kikao hakipo.

Haya, saini.

Ushauri wa dada yako, kwamba usisaini mpaka uonyeshwe hati, una mantiki na huenda ukafaulu. Una mwisho wa mwezi, ana shida, utaiona hati. Hatari yake ni mbili. Ya kwanza, ukidai hati ya Kisesa huku ya Buswelu iko kwa dada, unaanza mazungumzo ukiwa na deni, na siku itakapofichuka utapoteza zaidi ya ulichopata. Ya pili, mumeo atajifunza kwamba mkono wako una bei, na kuna siku wewe ndiye utakayehitaji wake. Na samahani kwa kusema hivi, dada yako si mtu wa nje katika hili. Kiwanja kina jina lake. Nyuma ya kila mjumbe anayekaa kwenye mazungumzo kuna watu wa nyumbani wenye maslahi yao. Nyuma ya mumeo yuko kaka yake, nyuma yako yuko dada. Wanawapenda, na wanavuta.

Kusaini kimya kimya kama anavyoshauri jirani yako sitakaa nako sana. Amani ya namna hiyo utaijua mwenyewe ina ladha gani. Nikumbushe tu kwamba basi likigoma au rejesho likishindikana, benki haitaanza na kiwanja cha Kisesa wala cha Buswelu. Itaanza na nyumba wanakolala watoto.

Kumwaga yote mara moja, kama anavyosema mchungaji, ni njia ya watu wenye moyo mkubwa. Anwar Sadat wa Misri aliifuata Novemba 1977. Alipanda ndege akaenda Jerusalem, kwenye bunge la nchi aliyokuwa amepigana nayo miaka minne nyuma. Ilifanikiwa: mkataba wa amani ulisainiwa 1979 na Sinai ikarudi Misri. Lakini Misri ilisimamishwa katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, na Sadat aliuawa 1981, na watu wa kwake mwenyewe. Sikutishi, mwanangu. Wewe unamjua mumeo, mimi simjui. Je, ni mtu ambaye ukimweleza jambo zito hutulia kwanza, au hulibeba likawa silaha ya kila ugomvi? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko lolote nitakaloandika. Na kama ndani ya jibu lako kuna hofu ya kupigwa au kufukuzwa, basi acha yote niliyosema juu ya kufungua daftari; anza na mtu wa dawati la jinsia polisi au msaidizi wa kisheria kabla hujamwambia yeyote kitu.

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda kidogo kuliko nyingine, nakiri. Oktoba 1962 Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikaribia kuangamizana kwa ajili ya makombora ya Cuba. Juni 1963 Kennedy alitangaza hadharani kwamba Marekani haitajaribu mabomu ya nyuklia angani mradi wengine nao wasijaribu. Hakusubiri mkataba wala hakuvunja ghala la silaha. Alianza na jambo moja linaloonekana, ambalo mwenzake angeweza kulijibu. Agosti mwaka huo huo mkataba ukasainiwa. Kwenu ingekuwa nini? Labda kutoa daftari kabatini na kuandika hesabu yako ya mwezi huu, ya kweli, pamoja na mstari wa kikoba, bila kudai karatasi ya mshahara. Kisha kungoja. Akijibu, unasogea hatua nyingine. Ukiona anachukua tu harudishi, hujapoteza nyumba, na umejifunza jambo kabla ya kusaini. Udhaifu wa njia hii ni muda. Mwisho wa mwezi ni mfupi, na mtu aliyezoea siri anaweza kuona hatua ndogo kama mtego. Pia kuna watu ambao ukiwapa robo ya ukweli, wakigundua robo tatu zilizobaki wanakasirika kuliko kama ungenyamaza.

Ukifika kwenye swali la Kisesa, jaribu kuanza na mwaka juzi badala ya kiwanja. "Yule wa Bukavu alipotutapeli, ulijisikiaje?" Wanaume wengi niliowahi kuketi nao hawajawahi kuulizwa swali hilo. Aliokoa biashara yako kwa mshahara wake. Je, mlikaa lini mkazungumzia hofu yake, si hela?

Mambo mawili ya sheria, kwa ufupi, kisha mtafute wakili au msaidizi wa kisheria ayaangalie kwa macho yake. Mke na mume Tanzania kila mmoja anaruhusiwa kumiliki mali yake, kwa hiyo kuwa na kiwanja si kosa kwako wala kwake. Mali ikichumwa kwa juhudi za pamoja, hesabu yake ni nyingine ndoa ikivunjika, na Mahakama ya Rufani ilishatamka mwaka 1983 kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. La pili linanipa wasiwasi zaidi. Kiwanja cha Buswelu mbele ya karatasi ni cha dada yako. Akifa kesho, Mungu apishie mbali, watakaofika mbele ya mirathi ni mume wake na watoto wake. Ulikuwa unakimbia kumtegemea mtu mmoja bila maandishi, ukaishia kumtegemea mwingine bila maandishi. Iwe unamwambia mumeo au humwambii, hilo lishughulikie.

Na kuhusu afisa mikopo, ridhaa yako ni yako, haina haraka ya mtu mwingine. Unaweza kuomba mkataba mzima uusome, uulize riba, uulize nini kinatokea mwezi ambao basi liko gereji. Unaweza kuomba siku zaidi bila kusema ndiyo wala hapana, na maswali hayo hayo mkaenda kuyauliza wawili, mkae viti viwili mbele ya meza moja. Huenda hilo likawa ndilo kikao chenu cha kwanza tangu Oktoba.

Niandikie tena. Ningependa kujua alichosema kuhusu yule wa Bukavu.

Shangazi